Kabla Hujatafuta Kiroba

Kuna adhabu moja ambayo watu wa mijini tumeizoea mpaka haituumi tena. Paka akikojolea godoro, au akimparura mtoto usoni, anatiwa ndani ya kiroba, mdomo unafungwa kamba, na kijana wa kutumwa anapewa nauli akamwache sokoni. Kwetu Dar es Salaam soko lenyewe ni Feri, kwa vile kuna samaki, na mwenye paka hupata la kujifariji: hatakufa njaa. Mwezi uliopita jirani yangu wa ghorofa ya chini, dada aliyenizidi umri na ninayemheshimu, alinigongea mlango jioni kuniuliza kama nina kiroba kisichotoboka. Paka wake dume, aliyemlea tangu mdogo, alikuwa ameanza kukojoa kitandani.

"Ana kisasi huyu," aliniambia. "Nilikwenda msibani Lindi, niliporudi ndiyo ananilipiza. Anapanda kitandani, ananitazama machoni, halafu anakojoa."

Nilimuuliza swali moja ambalo daktari mmoja wa mifugo alinifundisha zamani: "Dada, anakojoa amesimama au amechuchumaa?"

Akafikiri. Amechuchumaa. Mkojo mwingi au kidogo? Kidogo sana, matone, ila mara kwa mara. Na kwenye beseni lake la mchanga? Anaingia, anakaa, anatoka bila kitu, kisha anajilamba huko chini kwa muda mrefu. Kwenye shuka jeupe aliona doa jekundu lililofifia, akadhani ni rangi ya kanga iliyochuja. Nikamwambia habari ya kiroba tuiache, tutafute kikapu chenye mfuniko, na jioni ile ile tukapanda bajaji kwenda kwa daktari.

Mkojo ulikuwa umeziba. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, na ute pamoja na chembechembe ngumu mfano wa mchanga vikikusanyika humo, mkojo haupiti. Sumu ambazo zingetoka na mkojo hubaki kwenye damu, na siku 2 au 3 zinatosha kumuua. Daktari alimtia usingizi, akapitisha mpira mwembamba, akazibua. Feri, ndani ya kiroba, yule paka angekufa kwa maumivu, na watu wangesema ameuawa na mbwa.

Jambo moja limenikaa tangu siku ile. Kuhusu safari ya Lindi, dada alikuwa ameona sawa. Paka huumwa kibofu kwa mfadhaiko. Mtu wake akitoweka ghafla, au nyumba ikijaa wageni, au saa za kula zikivurugika, kibofu kinaweza kuvimba bila kijidudu chochote kuingia. Msiba ulihusika kweli. Ila kilichofuata hakikuwa kisasi. Alikojoa mchangani ikamuuma, akauogopa mchanga, akatafuta mahali laini penye harufu ya mtu wake. Mahali hapo ni kitandani. Na yale macho aliyoyasoma kuwa ya jeuri yalikuwa macho ya mnyama mgonjwa anayemtazama mtu wake.

Tangu hapo nimekuwa nikiwakumbuka paka niliowahi kukaa nao, na wale nilioitwa kuwatazama kwa watu kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaenea kuwa naelewana nao.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama: vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, na nyuma uwa wenye mwembe, jiko la kuni na banda la kuku. Paka hawakuwa wa mtu, walikuwa wa nyumba. Bibi aliwatupia vichwa vya samaki baada ya chakula cha mchana, na aliyebaki na njaa alijua panya wanapatikana wapi. Walinoa kucha kwenye shina la mwembe, likachubuka upande mmoja likawa laini. Haja walifukia kwenye mchanga nyuma ya banda. Madume walirusha mkojo kwenye pembe za uchochoro na kupigana juu ya bati usiku. Jike akitaka dume alilia mtaa mzima ukasikia, mtu akatupa kandambili, akarudi kulala. Bibi alikuwa na msemo wake, paka wa nyumba haingwa, na sikumbuki hata siku moja akilalamika kuhusu tabia ya paka.

Nikiyaorodhesha leo malalamiko ninayoletewa na watu wa maghorofani, yote yalikuwepo katika uwa ule. Kuparura, kunyunyiza, kulia usiku, kuvizia miguu ya watu, kukataa kushikwa. Hakuna hata moja iliyozuliwa na paka wa mjini. Kilichobadilika ni sisi kuhamia kwenye nyumba za mlango mmoja na madirisha ya nondo, tukaingia na mnyama yule yule, na mwembe na mchanga na uchochoro tukaviacha nyuma. Wengine humfungia paka kwa sababu nzuri kabisa: magari, mbwa, watu wanaotega sumu. Mimi mwenyewe naunga mkono. Lakini anayefungiwa ni nani, hilo hatulitazami.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na wa Mashariki ya Karibu, ambaye hadi leo anaishi kwenye nyika zetu, akiwinda peke yake. Mwaka 2004 wanaakiolojia walieleza habari za kaburi katika kisiwa cha Saiprasi, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake. Urafiki wetu ni wa zamani. Hata hivyo katika miaka yote hiyo paka hakubadilika sana, kwa sababu tulichotaka kwake ni kile kile alichokuwa akikifanya: kukamata panya ghalani. Ng'ombe na mbwa tuliwachagua kizazi baada ya kizazi wapate kutii. Paka tulimwachia mlango wazi.

Nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi nilipanga ghorofa ya tatu huko Upanga, na kwa sababu ya panya waliokuwa wakipita kwenye mabomba nikachukua paka, dume jeupe lenye mabaka, nikamwita Mwinyi. Alipokaribia kutimiza mwaka alianza kurusha mkojo kwenye mapazia, na harufu yake ilikuwa kali mno. Mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kwa matibabu, alinishauri nimshike kichwa, nimsugue pua kwenye mkojo, nimzabe kofi. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi tangu hapo, na watu wema ndio wanaoutoa. Haufai. Paka anayepigwa kwa jambo lililokwisha kupita haliunganishi kofi na jambo lile. Analiunganisha na mkono wa aliyempiga, au na chumba walichokuwamo. Anapata hofu, na paka mwenye hofu hunyunyiza zaidi.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mzee ambaye wateja wake wengi walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku. Ndiye aliyeniuliza kama Mwinyi anakojoa amesimama au amechuchumaa. Anayesimama, mkia juu ukitetemeka, akirusha mkojo nyuma kwenye ukuta au pazia, huyo anatia alama: anawaambia paka wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Anayechuchumaa akamwaga chini au kitandani, huyo anatafuta choo, na huenda choo chake hakimfai au anaumwa. Mambo mawili tofauti kabisa, na dawa zake hazifanani. Kisha akaniuliza dirisha langu linatazama wapi. Linatazama paa la jirani. Na juu ya paa lile, je, hupita paka? Hupita shume mmoja mkubwa kila alfajiri. "Basi Mwinyi anamjibu yule," akasema.

Mwinyi alihasiwa. Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walionyesha kwamba karibu madume 9 kati ya 10 wakihasiwa huacha kunyunyiza au hupunguza sana, hata waliokwisha kuizoea tabia hiyo. Kwangu ilichukua wiki kadhaa. Kioo cha chini cha dirisha nilikibandika karatasi asimwone shume. Mapazia niliyafua kwa sabuni ya unga na siki, nikaacha zile dawa za kusafishia zenye amonia, kwa kuwa mkojo nao una amonia, na paka akiinusa hudhani kuna mwenzake amepita, akaongeza yake. Kuna waumini wanaosita juu ya kuhasi. Wanazuoni wametofautiana, na wapo wanaoruhusu pale penye manufaa na pasipo madhara kwa mnyama. Amwulize kila mtu anayemwamini. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba Mwinyi alinenepa, akaacha kulia dirishani, na akaishi nami hadi uzeeni.

Makochi ndiyo yaliyofuata. Paka hanoi kucha kwa uharibifu. Kwa kuparura anavua maganda ya kucha yaliyochakaa, ananyoosha mgongo na mabega baada ya kulala, na anaacha harufu kutoka kwenye tezi zilizo kati ya vidole vyake. Lazima aparure. Rafiki aliyekuwa amekaa Marekani aliniambia kwamba huko kuna operesheni ya kuondoa kucha zisiote tena. Daktari wangu aliponieleza kinachokatwa, nilisikia baridi: si ukucha peke yake, ni mfupa wa mwisho wa kila kidole. Nchi nyingi zimeipiga marufuku, na jimbo la New York liliikataza mwaka 2019.

Dawa yake niliipata kwa fundi seremala wa Keko na kwa kamba ya kwetu Tanga. Mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche michache iliyonusurika safari ikapandwa karibu na Pangani, na utotoni mwangu harufu ya katani ilikuwa kila mahali. Fundi alinitengenezea nguzo ya mbao yenye kitako kizito, ndefu kuzidi paka aliyejinyoosha, nami nikaizungushia kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Wengi wanaotengeneza nguzo hushindwa kwa sababu mbili. Nguzo yao inayumba, na paka hawezi kuegemea kitu kinachoyumba. Au wanaificha stoo, na paka hana haja ya kutia alama stoo. Iwekwe palepale anapoparura, ubavuni mwa kochi, na kochi lifunikwe kwa muda. Akishaizoea, isogezwe kidogo kidogo.

Kesi ya kung'ata niliikuta kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Magomeni. Paka wake mdogo alikuwa akivizia nyuma ya mlango na kurukia vifundo vya watoto, hata damu ikatoka. Watoto walikuwa wanapanda juu ya viti kila jua linapozama. Niliuliza walimpata wapi: kijana mmoja aliwauzia, ametolewa kwa mama yake akiwa bado ananyonya. Hilo lilieleza nusu. Kwa mama na kwa ndugu zake ndipo mtoto wa paka hujifunza ukali wa meno yake. Akimng'ata mwenziwe sana, mwenziwe hulia na mchezo unakwisha. Watafiti wa Finland waliochunguza paka zaidi ya 5,000 walieleza mwaka 2017 kwamba waliotengwa na mama kabla ya wiki 8 huwa wakali zaidi kuliko waliokaa naye muda mrefu, na wakashauri wasitolewe kabla ya wiki 14. Kwetu mtoto wa paka hutolewa punde tu akianza kutembea, na kila mtu anaona ni sawa.

Nusu ya pili ilikuwa ndani ya nyumba ile. Watoto walimzoeza kucheza na vidole vyao alipokuwa mdogo asiyeumiza, kisha akakua na mchezo ukabaki ule ule. Na alikuwa peke yake kutwa nzima, wote wakiwa shuleni. Paka huamka kwa nguvu alfajiri na magharibi, saa ambazo panya na ndege wanatembea. Walipokuwa wakirudi na kuwasha taa, yeye ndiyo kwanza saa yake ya kuwinda imeingia, na katika chumba kile kitu pekee kilichokuwa kikitembea ni miguu ya watoto. Nilimshauri mwalimu afunge kitambaa kwenye uzi mrefu na kijiti, mtoto mmoja amkimbize nacho kila magharibi kabla ya chakula, amwachie akikamate, ndipo apewe dagaa wake. Mkono wa mtu usiwe mchezo tena kamwe. Chakula cha siku kigawanywe mara nyingi kidogo kidogo, kingine kifichwe ndani ya kopo lililotobolewa alihangaikie. Tumbo la paka limeumbwa kwa panya mmoja mmoja, wala si kwa sahani moja ya usiku.

Niliongea na watoto pia, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakijeruhiwa. Mkia unaoanza kupiga huku na huku, masikio yanayogeuka nyuma, ngozi ya mgongo inayotetemeka: hapo paka ameshasema basi. Na paka hakubali kulala chali ila pale anapojiona salama; anapokuonyesha tumbo anakupa imani yake, hajakuomba umshike tumbo. Mtoto wa kike wa mwalimu, mdogo kuliko wote, alilishika hilo upesi kuliko kaka zake, na ndiye ambaye paka alikwenda kulala miguuni pake.

Hapa niseme kwa uzito wote. Paka mpole aliyegeuka ghafla, akang'ata bila kuchokozwa, akatoa mate au akayumba, asishikwe. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kila paka, hata wa ghorofani, achanjwe.

Unguja, kwa ndugu wa mke wangu, nilikuta nyumba nzima hailali. Paka jike alikuwa akilia usiku kucha, anajiviringisha sakafuni, anainua kiuno akiguswa mgongo. Majirani walishasema ana jini, na mzee mmoja alikuwa ameitwa asome. Sikubishana na mzee. Alikaa akasoma kwa heshima, na baada ya kusoma akatuambia yeye mwenyewe kwamba paka huyu anataka mume. Jike hupevuka tangu miezi 4 au 6, na asipopandwa joto humrudia kila baada ya wiki mbili tatu katika nchi zetu zisizo na majira ya baridi. Akipandwa, baada ya miezi 2 na siku chache anazaa. Ndugu wale walimpeleka akatolewa kizazi, na usiku wa nyumba ile ukarudi kuwa usiku.

Kuna habari niliyofundishwa madrasa na ambayo nimeielewa kwa kuishi na paka hawa. Ni ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, na imo katika Bukhari na Muslim. Utotoni nilishika sehemu moja tu, kwamba hakumlisha. Lakini habari yenyewe ina pande mbili: alimfungia, asimpe chakula, wala asimwachie akajitafutie katika wadudu wa ardhini. Nikiwa Ngamiani upande wa pili haukuwa na maana kwangu, kwa kuwa paka wetu wote walikuwa wakijitafutia. Upanga ndipo nilipouona. Anayefunga mlango amechukua mwembe, mchanga, panya na njia ya kukimbilia, na vyote hivyo vimekuwa juu yake. Nguzo ya katani ni mwembe. Beseni la mchanga safi, kila paka na lake na moja la ziada, ni nyuma ya banda la kuku. Kitambaa cha magharibi ni panya. Juu ya kabati pasipofikiwa na mtoto ni juu ya bati.

Si kila nyumba inaweza kulipa. Wapo wenye nyumba wanaokataza paka, na wapo watoto wenye pumu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini mtu aliyebanwa hahitaji kutishwa kwa sheria, anahitaji njia. Feri si njia. Pale kila meza ya samaki ina paka wake waliogawana eneo kwa makucha, na paka wa ghorofani hajui kupigana wala kukwepa gari. Tafuta mtu mwenye uwa, mwambie kasoro zote bila kuficha, na mpeleke paka akiwa ameshahasiwa na kuchanjwa. Mfungashie na kitambaa alichokuwa akilalia na mchanga kidogo kutoka kwenye beseni lake la zamani. Mwenyeji amweke katika chumba kimoja kwa wiki mbili au tatu kabla ya kumfungulia uwa, la sivyo atajaribu kurudi kwenu kwa miguu. Kisha mpigie simu mara kwa mara mwezi wa kwanza, umuulize anakula saa ngapi, na anakojoa wapi, amesimama au amechuchumaa.